Vipimo safi, kichwa bado kinagonga

Wakongo waliohamia Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ni nadra kuingia kliniki wakisema wana sonona. Husema kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, usingizi umekata. Au kwa ufupi: "Nina mawazo." Majibu ya damu yakirudi safi, baadhi huondoka wakiamini daktari amewapuuza. Maumivu yao ni ya kweli. Mwili uliozoea kukaa chonjo hukaza misuli ya shingo, huvuruga tumbo, na usiku hulala jicho moja.

Vita vina sehemu yake, lakini si yote. Miezi ya mwanzo mtu hufurahia maji ya moto bombani. Halafu msaada wa mapokezi, ambao kwa kawaida ni wa siku 90, unakwisha. Nauli ya ndege kumbe ilikuwa mkopo. Kazi iliyopatikana ni ya zamu ya usiku. Na ndugu waliobaki kambini wanapiga simu kuomba hela, wakidhani mambo yamenyooka.

Kwa niliyoyaona, kinachowaelemea wazazi zaidi ni mtoto kugeuka mkalimani. Binti wa miaka 12 ndiye anayesoma barua ya mwenye nyumba na kuamua baba aambiwe nini. (Barua ya shule ikija kumshtaki yeye mwenyewe, mnajua itakavyosomwa.) Mzee aliyekuwa akiamua kesi za ukoo sasa anamngoja mtoto atoke shule ndipo ajue anadaiwa kiasi gani. Mama naye hawezi kumwambia daktari kwamba anawaza kufa, kwa kuwa atakayelitamka neno hilo ni bintiye.

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na haitakiwi kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura. Taja lugha yako sawasawa. Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa vinaachana. Msipoelewana, omba mkalimani mwingine, au wa Kibembe, au wa Kinyamulenge. Si utovu wa adabu.

Usingizi ukikosekana wiki mbili, chakula kikapoteza ladha, ukaanza kuwakwepa watu hata kanisani, nenda ukaonwe. Vidonge vya jirani viache. Mawazo ya kujiua yakikujia, piga 988, namba ya Marekani ya msaada kwa wanaowaza kujiua, usiku au mchana. Akipokea mtu, sema "Swahili", kisha usikate simu mpaka mkalimani aunganishwe.