Je, wajua kwa nini Mmarekani bado anawinda kulungu kwa gobore?

Kwetu ukitaja gobore, picha inayokuja ni ya bunduki iliyofungwa waya, mtutu wake kipande cha bomba, au taarifa ya polisi kuhusu majangili. Kumbe huko Marekani, ambako bunduki ya kisasa inapatikana dukani bila tabu, kuna watu wanaotoa fedha nzuri kununua gobore jipya kabisa, kisha wakahesabu siku hadi msimu wake ufunguliwe. Kulikoni?

Jibu liko kwenye kalenda. Kila jimbo la Marekani hupanga lenyewe tarehe za kuwinda kulungu, na majimbo mengi hutenga siku za pekee kwa ajili ya bunduki za kushindilia kwa mdomoni. Hoja yao ni nyepesi: mwenye gobore ana risasi moja tu, akikosa mnyama keshapotea, kwa hiyo haina ubaya akiongezewa siku. Msituni napo watu wanakuwa wachache. Pennsylvania ilianzisha msimu wa namna hiyo mwaka 1974, na mpaka leo ule unaokuja baada ya Krismasi, theluji ikiwa imetanda, unaruhusu bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, peke yake.

(Kulungu ninayemsema hapa si pongo wa vichakani kwetu, ingawa wengi humwita pongo kulungu. Huyu ni wa Amerika ya Kaskazini, mwenye mkia mweupe kwa chini, ambaye dume lake hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine.)

Sasa anayeanza achague lipi? Wengi hukimbilia kuuliza bei. Mimi ningemwambia asome kwanza kijitabu cha kanuni za jimbo lake, na sababu ni fundi mmoja wa Missouri, Tony Knight. Mwaka 1985 alitoa gobore aliloliita MK-85, ambalo fataki yake, yaani kikofia kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti, inakaa nyuma ya baruti moja kwa moja badala ya ubavuni mwa mtutu. Linawaka kwa uhakika zaidi, na kwa sura linafanana na bunduki yoyote ya kisasa. Yaliyofuata ukiyawekea darubini, yanapiga mbali kiasi kwamba baadhi ya majimbo yaliona ile hoja ya "risasi moja dhaifu" inapwaya. Colorado, kwa mfano, kwenye msimu wa gobore imekataza darubini, vidonge vya baruti iliyogandishwa, na vifuko vya plastiki vinavyovishwa risasi. Ukinunua bila kusoma, unaweza kujikuta na bunduki nzuri usiyoruhusiwa kuingia nayo msituni.

Tofauti kubwa kati ya magobore ni namna yanavyowasha moto. La gumegume ndilo la zamani zaidi. Ukivuta kifyatulio, jiwe linakwaruza bamba la chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kifa, yaani kisahani cha ubavuni, moto unapenya katika tundu dogo ubavuni, ndipo baruti kuu inalipuka. Kati ya mmweko wa kwanza na mlio wenyewe kuna kitambo kidogo, na ndicho kinachowaponza wageni: wanaona moto mbele ya macho, wanashtuka, mtutu unayumba. Mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, alichoshwa na kitambo hicho kwa sababu ndege aliowawinda walikuwa wakiona mmweko wanaruka kabla ya risasi kufika. Mwaka 1807 alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali inayolipuka, na wazo hilo baadaye likazaa fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachogongwa na nyundo.

Kama jimbo halina masharti, anayetaka nyama tu anunue la Knight na ndugu zake wa leo, ambalo kizibo cha nyuma kinafunguka. Ukikifungua unachungulia mtutu mwanzo mpaka mwisho, na kuusafisha ni rahisi. Kwa ladha yangu, la fataki ya ubavuni ndilo linalofundisha kazi. Anayelazimika kutumia gumegume asibanie fedha kwenye mtambo, kwani bamba laini halitoi cheche, na kitako cha kupendeza hakitamsaidia.

Kipenyo hakina mjadala mrefu. Cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, kinamtosha kulungu, na risasi zake hazisumbui kupatikana. Watu wanaposahau ni ndani ya mtutu. Mle mna mifereji inayojizungusha ili risasi itoke ikizunguka kama pia, na kasi ya mzunguko huo ndiyo inayoamua ulishe nini. Mtutu ambao mifereji yake inakamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 60 au zaidi unapenda risasi ya duara. Wa mzunguko mmoja kwa inchi 28 unataka risasi ndefu. Wa inchi 48 ni wa kati na kati, unakubali zote bila kuzipenda sana.

Risasi ya duara hufanywa ndogo kidogo kuliko mtutu. Kwa mtutu wa inchi 0.50 utatumia ya inchi 0.49, kisha unaifunga kwenye kiraka cha pamba nzito kilichopakwa mafuta. Kitambaa chenyewe ni cha jamii ya merikani, ile ile ambayo Wamarekani wa Salem waliileta Zanzibar karne ya 19 mpaka ikachukua jina la kwao. Unaweka kiraka mdomoni mwa mtutu, risasi juu yake, unasukuma kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, hadi ikae juu ya baruti. Isikae nusu njia. Nafasi ikibaki kati ya risasi na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Baruti nayo iwe nyeusi, ile ya shura, mkaa na salfa, au mbadala uliotengenezwa kwa ajili ya magobore. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi ina shinikizo kubwa mno. Isipokuwa kwa magobore machache sana yaliyoundwa mahsusi, kuitia humo ni kujitengenezea bomu karibu na shavu. Wala usimimine kutoka kwenye pembe ya baruti moja kwa moja. Cheche iliyosalia ndani kutoka mlio uliopita inatosha kuilipua pembe yote mkononi, ndiyo maana hutumika kikombe kidogo cha kupimia. Ukirudi nyumbani, maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo, kwani masizi ya baruti hunyonya unyevu na kutu haichelewi.

Gobore lililokwisha kutumika lina jambo lake. Wauzaji hurithi bunduki za baba zao bila kujua kama zimeshindiliwa, na baruti iliyokaa miaka mingi pakavu bado inaweza kuwaka. Kabla hata ya kuuliza bei, elekeza mdomo wa mtutu upande salama, uukwepe mwenyewe, na uhakikishe hakuna fataki wala baruti kwenye kifa. Ingiza mdeki taratibu mpaka ugote, shika kwa vidole pale unapotokea mdomoni, uuchomoe, kisha uulaze nje sambamba na mtutu. Ncha ikifika usawa wa tundu la moto, ni tupu. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla ya hapo, rudisha gobore mezani polepole na umwambie mwenyewe amwite fundi.