Mdomo wa bunduki kuelekea juu si usalama wa kutosha

Hapa Arusha, misafara ya uwindaji inapojiandaa kwenda Longido au Simanjiro, utasikia vijana wakisisitiza kwamba bunduki yenye darubini hubebwa begani mdomo ukitazama juu tu. Wanadai mdomo ukitazama chini utajipiga mguu. Si kweli.

Mdomo ukiwa juu hunasa matawi ya migunga, na mvua huingia ndani ya mtutu. Ukiinama kupita chini ya tawi, mdomo unamwelekea mwenzako wa mbele.

Wawindaji wengi wa Afrika huitundika bega la kushoto (kwa anayetumia mkono wa kulia), mdomo chini, darubini ikielekea mwilini ili isigonge miti, mkono wa kushoto ukishika sehemu ya mbele. Huinuliwa haraka. Tatizo lake ni moja, nalo ni zito: ukikaa au kuteremka korongo, mdomo unaweza kuchota udongo, na mtutu ulioziba unaweza kupasuka ukifyatuliwa. Toa risasi, kagua mtutu, ndipo uendelee.

Kwenye kichaka kinene, ivue begani uishike kwa mikono miwili. Ila usiishike darubini kama mpini! Ikisogea dakika moja tu ya nyuzi (sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja ya pembe), risasi hukosea karibu sentimita 3 kwa mita 100, na mnyama hujeruhiwa bure.

Kufuli ya usalama nayo ni chuma, huweza kushindwa. Mkiwa mnatembea tu bila kumkaribia mnyama, chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) iwe tupu.