Tangi la maji ya waipa lenye kipasha joto: dhana potofu na ukweli kwa mwenye dizeli ya zamani

Gari la dizeli la zamani, kama Mercedes-Benz W123 iliyoundwa kati ya 1976 na 1985, bado linaweza kutembea Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ambako usiku wa Januari nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri si jambo la kushangaza. Kinachomtesa mwenyewe barabarani mara nyingi ni kioo cha mbele: malori hurusha tope la theluji na chumvi, waipa hulisambaza badala ya kulifuta, na vinyunyizio havitoi hata tone. Ndipo linapokuja wazo la kupasha joto tangi la maji ya waipa, pamoja na ushauri mwingi ambao si wote ulio sahihi.

Dhana: Maji yakipashwa joto, dawa ya kuzuia kuganda haihitajiki tena.

Dhana hii ndiyo inayowatia watu hasara zaidi. Kipasha joto hufanya kazi injini inapowaka tu. Gari likilala nje, maji matupu huganda, barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na pampu ya plastiki au tangi lenyewe hupasuka. Hata safarini, maji ya vuguvugu yanapotua kwenye kioo chenye baridi kali huku upepo ukivuma, hupoa kwa sekunde chache na kugeuka utando wa barafu mbele ya macho ya dereva. Alkoholi iliyomo katika dawa ya waipa ndiyo inayozuia kuganda, na joto huiongezea tu nguvu ya kuyeyusha chumvi na uchafu. Wapo pia wanaojaza dawa ya redieta badala yake, jambo ambalo halifai kabisa, kwa kuwa ethilini glaikoli iliyomo ndani yake ni sumu na huacha ukungu wa mafuta juu ya kioo.

Dhana: Dizeli ina joto tele, kwa hiyo maji ya redieta yakipitishwa ndani ya tangi kazi imekwisha.

Njia yenyewe si ngeni, kwani Mercedes-Benz iliweka koili ya aina hiyo, yaani bomba lililopindwa linalopitisha maji ya redieta ndani ya tangi, kwenye baadhi ya magari yake ya miaka ya 1980, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora kwa sababu haiugusi umeme wa gari. Lakini injini ya dizeli hupoteza joto kidogo kuliko ya petroli, hasa inaponguruma bila gari kwenda, hivyo asubuhi ya baridi hupita muda mrefu kabla koili haijapata joto la maana. Injini ikishapata moto, hatari hugeuka upande wa pili: maji ya redieta hufika nyuzi 80 au zaidi, ilhali methanoli, aina ya alkoholi ambayo hutumika sana katika dawa za waipa za Marekani, huchemka karibu na nyuzi 65. Koili ikiwa ndefu kupita kiasi, alkoholi huanza kutoroka kama mvuke na kinachobaki tangini huganda kwa urahisi zaidi. Koili ikitoboka, kioo hupata ukungu usiofutika na maji ya redieta hupungua pasipo kuonekana yanakovujia.

Dhana: Kipasha joto cha umeme hupasha tangi zima kwa dakika chache.

Hesabu inakataa. Kupandisha joto la lita 4 za maji kwa nyuzi 40 kunahitaji takriban kilojuli 670. Kifaa cha wati 150, ambacho katika umeme wa volti 12 hula zaidi ya ampia 12, kitachukua takriban saa moja na robo, hata tukichukulia kwamba hakuna joto linalopotea. Mzigo huo ni mkubwa kwa altaneta (kizalisha umeme cha gari) ya zamani, na betri imetoka kulisha plagi za kupasha injini na stata. Kwa hiyo kifaa kiwe na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na fyuzi yake, na kiwake baada ya injini kushika. Hatari ya gari kushika moto nayo si ya kinadharia: kampuni ya magari ya Marekani, General Motors, iliyaita magari yenye kipasha maji ya waipa yarudishwe kurekebishwa mwaka 2008, kisha mwaka 2010 ikayaita takriban milioni 1.5, na safari hiyo kifaa kilizimwa kabisa kisitumike tena.

Dhana: Maji ya moto yatapasua kioo.

Maji yanayochemka yakimwagwa kwa birika yanaweza kukipasua, hasa kama kina ufa. Mnyunyizo mwembamba wa vuguvugu ni jambo jingine.

Dhana: Tangi likiwa na joto, maji yatatoka.

Kati ya tangi na kioo kuna mpira mwembamba na vinyunyizio vyenye tundu dogo, navyo ndivyo vinavyoziba kwanza, kwa sababu upepo hupuliza alkoholi na kuacha maji mdomoni mwa tundu. Mwenye bajeti ndogo aanze na vinyunyizio vyenye kipasha joto, ambavyo hula umeme kidogo sana, avalishe mpira kifuniko cha kuzuia baridi, kisha ndipo afikirie tangi.