Mshale chini ya sifuri si turbo iliyokufa

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ana Mercedes C200 Kompressor ya mwaka 2005. Mwezi uliopita mwanawe alimfungia geji ya busti kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Siku chache baadaye mwalimu akalipeleka gari kubadili oili. Fundi akachungulia ndani injini ikiwa inaunguruma, akaona mshale wa geji umelala chini ya sifuri, akatikisa kichwa. "Mwalimu, turbo imekufa hii. Badala ya kusukuma, inavuta." Nilipokutana na mwalimu jioni alikuwa ameshapiga simu mbili kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kuulizia bei ya turbo iliyotumika.

Gari lile halina turbo, na halikutoka nayo kiwandani. Mshale nao ulikuwa palepale unapotakiwa kuwa. Makosa haya mawili nimeyasikia mara nyingi mno, karibu kila mara yakiwa yamefuatana, na yanawala watu fedha zao. Ndiyo maana naandika.

Maana ya busti ni fupi. Ni kiasi ambacho presha ya hewa ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa silindani, imezidi presha ya hewa ya nje inayotuzunguka. Geji ya busti inapima tofauti hiyo, iwe ni ziada au ni pungufu. Basi.

Shida inaanzia kwenye majina. Mtaani "kubusti" tunakujua zaidi kwenye betri: gari limegoma kuwaka, unaleta jingine, unaunganisha nyaya, unabusti. Kwa hiyo mtu akisikia geji ya busti anadhani inaonyesha kama kuna msaada unaoingia au haupo, kama taa ya kuwaka na kuzima. Mshale ukikaa sifuri, kwake msaada umekatika. Ukishuka chini ya sifuri, kwake kuna kitu kimegeuka nyuma.

Chombo kinacholeta busti kwenye gari la mwalimu kinaitwa supachaja, na jina hilo linastahili kufunguliwa. Super ni Kilatini, maana yake juu ya, kupita. Charge imetokana na neno la Kilatini la kupakia mkokoteni, na mkokoteni huohuo ndio uliowapa Waingereza neno car. Kutoka kwenye mkokoteni likahamia kwenye bunduki: charge ikawa kipimo cha baruti kinachotiwa mtutuni. Watu wa injini nao wakalichukua, charge ikawa hewa na mafuta vinavyoingia silinda kwa mpigo mmoja. Supachaji, basi, ni kutia zaidi ya kile ambacho silinda ingekivuta yenyewe.

Kiswahili kina neno lake kamili kwa kazi hiyo, nalo ni kushindilia. Mwenye gobori alishindilia baruti kwa mti kabla ya kwenda kuwinda. Muuza mkaa anashindilia gunia. Supachaja inashindilia hewa silindani. Ningefurahi sana siku gereji zetu zikisema "kishindilio", lakini leo nitaliacha supachaja liendelee, mradi tuache kuliita turbo.

Maana turbo nalo ni neno lenye ukoo wake. Kwa Kilatini turbo ni kimbunga, na vilevile ni pia, ile ya watoto inayozungushwa kwa kamba. Mwaka 1822 Mfaransa Claude Burdin alilitumia kuunda neno la tabo, yaani gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na maji, mvuke au moshi. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, akapata hataza ya wazo la kuutumia moshi wa injini kuzungusha tabo, na tabo hiyo izungushe feni ya kushindilia hewa. Kwa Kiingereza chombo hicho kiliitwa kwanza turbosupercharger, maana yake supachaja inayoendeshwa na tabo. Baadaye wakakata katikati ya jina, likabaki turbocharger, kisha turbo tu.

Kwa asili ya majina, basi, turbo ndiyo iliyo aina mojawapo ya supachaja. Matumizi ya leo yamezitenga: turbo inaendeshwa na moshi wa ekzosi, supachaja inaendeshwa na mkanda kutoka kwenye puli ya injini yenyewe. Wote ni ndugu wa baba na mama, lakini baba mdogo humwiti mjomba kwa sababu tu wote ni watu wazima wa ukoo.

Supachaja ya mwalimu ni ya mtindo wa Roots, na huyo Roots hakuwa mtu wa magari. Ndugu wawili, Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, Marekani, walipata hataza ya mashine yao ya kupuliza hewa mwaka 1860, kabla gari la petroli halijakuwapo. Ilipuliza tanuri za kuyeyushia chuma. Rota mbili zinazungukana ndani ya kasha bila kugusana, zinachota hewa upande huu na kuimwaga upande wa pili. Kwa Kijerumani chombo hicho kwenye gari ni Kompressor, na Mercedes walionyesha magari yao ya kwanza ya namna hiyo Berlin mwaka 1921. Kwa hiyo neno lililoandikwa nyuma ya buti halihusu kompresa ya AC, jambo ambalo nalo nimeliulizwa mara kadhaa, na halihusu turbo. Lisome kabla ya kununua kipuri, kwa sababu kuanzia 2009 Mercedes walianza kuitoa supachaja kwenye injini ya familia hiyohiyo ya lita 1.8 na kuweka turbo, na magari hayo yakaandikwa CGI. C200 mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na vyombo tofauti kabisa chini ya boneti.

Sasa ile sifuri.

Chukua gunia la viazi. Likijaa hadi mdomoni likashonwa, hiyo ni injini ya kawaida isiyo na supachaja, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Imevuta hewa yote ambayo anga inaweza kuipa. Ukishindilia na kuongeza kichuguu juu ya mdomo, ukakifunga kwa kamba, umepata lumbesa. Supachaja inapiga lumbesa. Geji ya busti inaanza kuhesabu kwenye mdomo wa gunia: kilicho juu ya mdomo ni busti, kilichopungua chini yake ni vakyumu. Sifuri ni gunia lililojaa hadi mdomoni, si gunia tupu.

Gunia tupu liko chini sana. Pwani, presha ya hewa ya kawaida ni takriban bar 1.01, au paundi 14.7 kwa inchi ya mraba. Gari la petroli likiunguruma bila kutembea, throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, imekaribia kufungwa kabisa, pistoni zinavuta lakini hazipati. Ndani ya manifoldi inabaki hewa ya kama bar 0.35, na geji inasoma karibu 0.65 chini ya sifuri. Ndivyo injini yenye afya inavyotakiwa kusoma. Yule fundi aliposema inavuta alisema kweli, maana injini hapo inavuta hasa. Kosa lake lilikuwa kuuona uvutaji huo kama ugonjwa.

Hesabu hii ya kuanzia kwenye hewa ya nje tunaitumia kila siku bila kuitaja. Tairi la pancha likilala, geji ya upepo inasema sifuri, wakati ndani mna hewa ileile tunayoivuta puani. Ukipimwa presha hospitali ukaambiwa 120 kwa 80, hizo ni milimita za zebaki juu ya presha ya anga, ambayo yenyewe ni kama 760. Hakuna daktari anayesoma 880 kwa 840.

Ila wahandisi wakiandika vitabu vyao mara nyingi wanaanzia chini kabisa, kwenye utupu kamili. Volkswagen walipotoa Golf ya 1.4 TSI yenye supachaja na turbo kwa pamoja, walitaja presha ya juu ya takriban bar 2.5, ikihesabiwa kutoka kwenye utupu. Mwenye gari kama hilo akifunga geji akaona 1.5, anaanza kutafuta bar moja iliyopotea. Haijapotea. Ni ile ya anga, ambayo geji yake haiihesabu. Kiswahili cha shuleni kinasema kanieneo, watabiri wa hali ya hewa wanasema mgandamizo, gereji inasema presha. Tumia lolote upendalo, lakini useme limepimwa kutoka wapi.

Mdomo wa gunia nao haukai mahali pamoja. Panda mlima wa Kitonga, endelea hadi Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, presha ya anga imeshuka hadi karibu bar 0.83. Supachaja inayobana hewa mara moja na nusu ilikupa nusu bar Dar es Salaam. Mbeya, kwa mwendo uleule wa injini, itakupa bar 0.41. Kwenye baadhi ya magari kompyuta inafidia kwa kufunga zaidi mlango wa kurudisha hewa. Pale usipofidiwa, mshale utapungua na hakuna kilichoharibika. Hata vakyumu ya gari lililosimama itapungua, kutoka 0.65 hadi karibu nusu bar. Nimewahi kumkuta mtu amefungua manifoldi nzima kwa sababu hiyo.

Kufunga geji yenyewe si kazi kubwa, ila sehemu ya kuchukulia presha ndiyo inayoamua kama geji itasema kweli. Ichukue kwenye manifoldi, baada ya supachaja na baada ya throto. Kwenye hizi Kompressor za lita 1.8 hewa inapita chujio, supachaja, intakula (kipoza hewa), kisha throto, ndipo manifoldi. Ukitoboa mpira ulio kabla ya throto, mshale utakaa sifuri gari likiwa limesimama, utapanda ukikanyaga, na hutaiona vakyumu maisha yako yote. Kwenye magari mengine throto imetangulia supachaja. Huko ukichukua katikati ya throto na supachaja, utaona vakyumu na sifuri tu, busti hutaiona. Usichukue kwenye mpira wa hidrovaki ya breki, ile inayotumia vakyumu ya injini kukusaidia kukanyaga breki. Mle mna valvu ya kupitisha upande mmoja, inayozuia busti isifike kwenye breki, na mpira huo ukivuja unacheza na kusimama kwa gari. Tafuta mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi yenyewe, ukate, weka tii (kiungo chenye midomo mitatu), funga kila mdomo kwa klipu. Ule wa kuingia ndani upitishe kwenye tundu lenye mpira wa kuzibia, mbali na ekzosi, usipindwe ukajifunga. Tii ikivuja, injini itatetemeka ikiwa imesimama na taa ya injini inaweza kuwaka. Geji ya umeme ni salama zaidi, kwa sababu kinachoingia ndani ni waya, sensa inabaki kwenye injini.

Jambo moja bado, nalitaja kwa haraka: busti si nguvu za farasi. Ni hewa iliyosongamana kwa sababu injini haijaimeza. Ukifungua ekzosi ikapumua vizuri, kwa supachaja ya mkanda mshale unaweza kushuka huku gari likizidi kuwa jepesi.

Jumapili nilikaa na mwalimu garini. Pale nyumbani mshale ulikuwa chini ya sifuri kama alivyousimulia. Tukatoka barabara kuu, nikamwomba akanyage mafuta kwenye gia ya pili. Mshale ukapanda taratibu, ukafika sifuri, ukapita, mizunguko 4,000 ikaukuta kwenye 0.4. Akaachia mafuta, ukaanguka chini ya sifuri mara moja. Akarudia mara tatu bila kusema neno. Kisha akaniuliza amwambie nini yule fundi, kwa kuwa ni kijana wake wa zamani darasani na hataki kumvunjia heshima.

Nikamshauri asianze na turbo. Amchukue garini, wazunguke, amwonyeshe mshale unavyovuka sifuri, kisha amfungulie boneti na kumwonyesha mkanda unaoingia kwenye supachaja. Hapo amwambie: "Mwanangu, hii inaendeshwa na mkanda huu, inaitwa supachaja. Na ukikuta mshale uko chini ya sifuri gari limesimama, sema injini iko kwenye vakyumu."