Kimashine cha umeme mgongoni hakitibu mgongo

Watu wengi wakisikia kuna kimashine kinapandikizwa mwilini kwa ajili ya maumivu sugu ya mgongo wanadhani ukishawekewa basi umepona, hapana jamani, hakitengenezi kitu. Diski (ule mto laini kati ya pingili za mgongo) iliyochomoza inabaki hivyo hivyo, neva iliyoumia inabaki imeumia. Kinachofanyika ni umeme mdogo kupita kwenye nyaya nyembamba zilizolazwa karibu na uti wa mgongo, betri yenyewe inafichwa chini ya ngozi, mara nyingi pale juu ya tako, na ule umeme unavuruga taarifa ya maumivu kabla haijafika kwenye ubongo. Wala si kitu kipya, daktari Norman Shealy aliweka cha kwanza huko Marekani mwaka 1967.

Na maumivu hayaishi yote, yakipungua nusu tu madaktari wanahesabu kimefanya kazi. Ndo maana unajaribishiwa kwanza siku kadhaa, betri ikiwa nje ya mwili, kisipokusaidia nyaya zinachomolewa unaenda zako nyumbani (hapo ndo napapenda, operesheni ngapi unaweza kuzionja kwanza?). Ukiwekewa cha kudumu, kabla ya kipimo cha MRI (kile cha kupiga picha kwa sumaku kubwa) waambie, maana si vimashine vyote vinaruhusiwa kuingia mle.