Ngeta Haingoji Ujipange: Karate, Kung Fu na Njia ya Kondele Usiku

Muuguzi mmoja alikuja dojoni kwangu, ukumbi wa karate, Jumamosi asubuhi akiwa bado kwenye sare, macho mekundu. "Mwalimu, nijifunze karate au kung fu? Nina miezi mitatu tu kabla sijarudishwa zamu ya usiku." Wiki mbili nyuma alikuwa amepigwa ngeta, yaani kukabwa shingo kutoka nyuma na kuibiwa, hatua chache kutoka steji ya Kondele. Simu ilienda, mkoba ulienda, na kwa siku nne sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba asimame anionyeshe: huyo mtu alitokea wapi, mkono ulipita upande gani wa shingo, yeye alikuwa ameshika nini. Nimefundisha karate ya Goju-ryu hapa Kisumu miaka 16. Kabla ya hapo nilikaa Nakuru miaka mitatu nikijifunza Wing Chun, kung fu ya kusini mwa China. Nazipenda zote mbili, na ndiyo maana inaniuma kuona mtu akiingia katika mojawapo na tumaini la uongo.

Tuanze na majina, maana hapa ndipo wengi hupotezea pesa. Kung fu si mtindo mmoja. Kwa Kichina neno hilo ni ustadi unaopatikana kwa kazi na muda. Hata mpishi anaweza kuwa nao. Mtu akikwambia anafundisha kung fu, muulize ni ipi. Mmoja atakufundisha miruko na mapanga ya maonyesho ya wushu. Mwingine atakufundisha Wing Chun. Mwingine sanda, ambayo watu huvaa glavu, wakapigana ngumi na mateke na kuangushana kwa kweli. Walimu hao watatu watakupeleka sehemu tatu tofauti.

Karate nayo ilikulia Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, lakini ukoo wake una damu ya China. Higaonna Kanryo, mwalimu wa Miyagi Chojun aliyeanzisha Goju-ryu, alijifunza Fuzhou katika jimbo la Fujian. Uechi Kanbun, Mwokinawa mwingine, alifika mji huo huo mwaka 1897, na mtindo alioacha unaitwa Uechi-ryu hadi leo. Zamani jina karate liliandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa China". Wazee wa karate walipokutana Naha, mji mkuu wa Okinawa, mwaka 1936 ndipo walipokubaliana juu ya herufi za "mkono mtupu". Kwa hiyo wanaobishana mitandaoni ni ipi baba na ipi mtoto wanabishana juu ya mabinamu. Shikilia hilo, nitalirudia nikifika kwenye ngeta.

Kinachowatenganisha mabinamu hawa, kwa mtu anayetaka kufika nyumbani salama, ni umbali.

Karate inayofundishwa kwenye kumbi zetu nyingi ni ya mashindano. Uwanja ni mita 8 kwa 8, refa yupo, ngumi ina alama 1, teke la mwilini 2, teke la kichwani 3, na ngumi ya usoni lazima uizuie isiumize. Mwanafunzi anajifunza kusimama mbali, kuruka ndani ghafla, kupiga na kutoka. Msidharau hilo. Binti aliyefanya kumite, yaani mapambano ya wawili, miezi sita ana jicho ambalo mpita njia hana: mtu akimkaribia kwa namna isiyo ya kawaida, miguu yake imeshasogea kabla hajawaza. Nimeshuhudia mara nyingi, na wizi mwingi wa mtaani huishia hapo, kwa sababu mwizi anatafuta aliyeinamia simu.

Lakini akishashikwa, binti huyo huyo huganda. Kwenye mashindano, watu wakikumbatiana refa anawatenganisha, basi mwili umezoea kwamba kushikana ndiyo mwisho wa kazi.

Wing Chun inaanzia hapo hapo refa anapoingilia. Mikono imeshagusana. Kuna zoezi linaitwa chi sao: wawili wanagusanisha mikono na kuizungusha, kila mmoja akitafuta mwanya kwa ngozi wala si kwa macho. Baada ya muda unahisi mwenzako anakusukuma au anakuvuta kabla hajamaliza kufanya hivyo. Ngumi zake ni fupi, mateke hayapiti kiuno, viwiko vinalinda mbavu. Fikiria matatu iliyojaa, au kichochoro cha soko la Kibuye siku ya Jumapili, marobota ya mitumba kushoto na kulia. Hakuna mahali pa kunyoosha teke hapo, ila kiwiko kina nafasi.

Gharama yake ni muda. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima, mazoezi mara tatu kwa wiki, kabla mikono haijaacha kusubiri akili. Tena chi sao hufanywa na watu waliokubaliana kusimama wakitazamana. Ukibaki hapo miaka kumi bila mtu kukuvuta nguo, kukusukuma ukutani au kukujia kwa hasira, utakuwa stadi wa chi sao tu.

Niseme jambo lililonikasirisha kwa muda mrefu. Kwenye karate, kila ngumi inapokwenda mbele mkono mwingine hurudi kiunoni. Tunaita hikite. Mwalimu wangu wa kwanza alinieleza kwamba ni kuongeza nguvu, nami nikaamini. Nilipofika Nakuru, sifu, yaani mwalimu wangu wa Wing Chun, alinishika kifundo cha mkono, akakivuta kuelekea tumboni mwake, na ngumi yake nyingine ikasimama kwenye pua yangu. Nililia njiani nikirudi nyumbani usiku ule, kwa uchungu wa miaka. Mkono unaorudi kiunoni una kitu ndani yake: kifundo, mkono wa shati, nywele. Unamvuta mtu kwenye ngumi yako. Karate ilikuwa nayo muda wote, na mimi nilikuwa nikiivuta hewa.

Neno la Kijapani uke (tamka u-ke), tunaloitia kinga za mikono, nalo tumelifasiri vibaya tukasema ni kuzuia, wakati linatokana na kitenzi cha kupokea. Ndivyo unavyopokea mgeni mlangoni: unamshika mkono, unamvuta ndani. Mwaka 1908 Itosu Anko, mzee aliyeingiza karate katika shule za Okinawa, aliandika barua ya mafunzo kumi, na humo anaeleza kwamba karate haikukusudiwa kupambana na mshindani mmoja, bali kuepuka kuumizwa ukikutana na mhuni. Ila mafunzo yaliyoingia shuleni yalikuwa ya watoto wengi wamepanga mistari, na kwenye mistari hakuna anayemshika mwenzake. Waalimu wenzangu wa karate, naomba tuwarudishie wanafunzi sehemu hii. Wanatulipa, wanatuamini.

Sasa ngeta. Anayekupiga ngeta hatokei mbele. Mkono wake unazunguka shingo yako kutoka nyuma, mwenzake anapekua mifuko. Mishipa ya damu ikibanwa pande zote mbili za shingo, mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Karate ya mashindano haina jibu hapa. Chi sao haina jibu. Gadi ya mikono iliyo nzuri zaidi duniani imeelekea upande usiofaa.

Ila mabinamu wana kata moja ya pamoja, yaani mfuatano wa miondoko unaofanywa peke yako. Sisi tunaiita Sanchin, Fujian wanaiita Sanzhan. Uechi-ryu huifanya viganja wazi, Goju-ryu tunakunja ngumi. Ni kata fupi, ya polepole, na watoto huichukia. Kidevu ndani, mabega chini, kiuno kimeshuka, vidole vya miguu vimeng'ang'ania sakafu, pumzi inaendelea hata mwalimu akikuchapa mabegani. Mwambie mtu asimame hivyo, kisha umkabe kutoka nyuma. Kidevu kimeziba njia ya mkono. Mabega yaliyoshuka yanaubana. Kilichobaki ni mikono yote miwili kunyakua mkono wa mkabaji na kuuvuta chini kama mtu anayening'inia kwenye tawi, kisha kuingiza kidevu upande wa kiwiko chake, kupiga hatua ya pembeni na kukanyaga mguu. Simu iende zake. Unataka pumzi na unataka mbio.

Kuna kitu kingine ambacho karate inatoa bure, nacho ni sauti. Kiai, ule ukelele wa wakati wa kupiga, hufundishwa tangu siku ya kwanza, ilhali Wing Chun niliyofundishwa ilikuwa ya kimya. Mwanamke aliyelelewa kutopaza sauti anahitaji wiki kadhaa za kupiga ukelele mbele ya watu kabla koo halijafunguka. Lakini chagueni neno. Dojoni kwangu tunapiga kelele "Niache!" au "Nisaidieni!" Hatusemi "Mwizi!" Wote tunajua neno hilo linaita nini sokoni: mawe, tairi, petroli, na kijana wa watu hafiki hospitali. Sifundishi watu kujitetea ili kesho wabebe kifo cha mtu moyoni. Isitoshe Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, inaliweka suala la kujitetea chini ya kanuni za kale za sheria za Uingereza, na kiini chake ni kiasi: nguvu ulizotumia zilingane na hatari iliyokukabili. Akishaanguka au kukimbia, umemaliza.

Basi nilimwambia muuguzi nini? Nilimwambia: dada, kwa miezi mitatu, karate. Ungekuwa na miaka miwili ningekuandikia namba ya sifu wangu kwa moyo mweupe, na ungekuwa na mwalimu wa sanda karibu na kwako ningekusukuma huko leo, kwa sababu sanda inakuzoesha kushikwa na kuangushwa. Ila miezi mitatu inatosha kwa vitu vinne: jicho la umbali, ngumi moja yenye hikite, ukelele, na Sanchin ya kukabwa. Mateke ya juu tuliyaacha kabisa. Asilimia kubwa ya muda wetu tulikuwa tumeshikana, tukivutana, yeye akiwa na mkoba begani na viatu vya kazini, kwa sababu hivyo ndivyo atakavyokuwa.

Ukienda kutafuta dojo au kwoon (ukumbi wa kung fu), usiulize mkanda wa mwalimu kwanza. Kaa pembeni somo moja zima, uhesabu ni mara ngapi mwanafunzi ameshikwa na mtu ambaye hataki kuachia. Ikiwa ni sifuri, shukuru, ondoka.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba siku moja nitamjia bila kumwonya. Wiki ya tisa nilimkuta ameinama akikunja sare. Nilipitisha mkono, kidevu kilikuwa kimeshashuka, na mikono yake miwili ikaning'inia kwenye wangu mpaka nikapiga goti. Kisha akapiga "Niache!" kwa sauti iliyomfanya mama anayekaanga samaki ng'ambo ya barabara avuke mbio na mwiko wake mkononi, akiuliza ni nani anamgusa mtoto wake.