Njia ya Tufe la Mzinga

Miongoni mwetu tunaoitazama mizinga ya Fort Jesus, hapa Mombasa, wapo wanaoamini kwamba tufe la chuma likirushwa huenda moja kwa moja hadi nguvu zake ziishe, ndipo lianguke. Imani hiyo ni ya kale na inashawishi, lakini si sahihi. Dunia huanza kulivuta tufe mara tu linapotoka mdomoni mwa mzinga, hivi kwamba baada ya sekunde 1 huwa takriban mita 5 chini ya mstari ulioelekezwa mzinga, na baada ya sekunde 2 takriban mita 20, hata likiwa bado linapaa. Mwaka 1638 Galileo, mwanasayansi wa Italia, alieleza kuwa njia hiyo, hewa isipozuia, ni parabola, yaani mkunjo ambao upande wa kupaa na wa kushuka hulingana. Hewa inapozuia, mshuko huwa mkali kuliko mpao.